MUULIZE FUNDI: Rilei za spoti zikae wapi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Land Cruiser hardtop ya dizeli, ile ya mkonga, naitumia sana Chunya kwenda Makongolosi na huko ndani machimboni. Nimefungiwa spoti mbili za wati 100 kwenye bampa na laiti baa ya LED juu ya keria. Rilei zote mbili, zile swichi za umeme za kuwashia taa hizo, zimefungwa na tepu nyeusi pembeni ya betri, zinaning'inia, rafu ikizidi zinacheza na moja imeanza kuwa kahawia pale chini kwenye pini. Halafu kuna hili lingine, spoti zinawaka nikiwa kwenye dimu, nikipiga fulu zinazima! Rilei zimeshabadilishwa hamna kitu. Nataka niifanye upya iwe safi, nianzie wapi?
Msomaji, Chunya

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Nianze na hilo la dimu maana hapo rilei hazina kosa lolote, hata ukinunua katoni nzima itakuwa vilevile. Land Cruiser nyingi za zamani, kuanzia 60, 70 mpaka 80, swichi ya taa kubwa haipeleki moto kwenye balbu, inapeleka ethi, yaani upande hasi wa betri. Moto unafika kwenye pini ya pamoja ya balbu ukishawasha taa tu, halafu ukichagua dimu au fulu unachochagua ni uzi upi upewe ethi. Naona aliyekufungia kafanya kama kwenye gari zingine, kachukua waya wa fulu kaupeleka pini 86 ya rilei, na 85 kaifunga bodi; hizo ndizo pini mbili za koili, sumaku inayoivuta rilei. Sasa ukiwa kwenye dimu ule waya wa fulu haujapata ethi, kwa hiyo moto unapenya kwenye uzi wa fulu ndani ya balbu unakuja hadi kwenye rilei, rilei inavuta na spoti zinawaka. Ukipiga fulu waya uleule unageuka ethi, rilei inaachia. Yaani inafanya kazi kinyume kabisa.

Hakikisha kwanza. Chomoa soketi za balbu zote mbili za mbele, zote mbili, usiache moja maana moto utazunguka kupitia balbu iliyobaki ukudanganye. Chukua testa, klipu yake funga kwenye ethi, gusa pini za soketi moja moja huku mtu akibadilisha dimu na fulu. Ukikuta pini moja ina moto muda wote, dimu na fulu, na hizo mbili hazionyeshi kitu, basi gari yako ni ya kukata ethi. Hapo waya wa 86 utoke kwenye hiyo pini ya pamoja upitie swichi ya dashibodi, na 85 uende kwenye waya wa fulu, sio bodi. Basi. Ila angalia mchoro ulio kwenye rilei, kama ina dayodi ndani, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, usigeuze, 86 ibaki upande wa moto, ukigeuza unapiga shoti.

Tuje kwenye kufunga sasa, na hapa naomba unielewe maana watu wengi wanadhani usafi wa wayaringi ni urembo. Rilei inayoning'inia inavuta waya wake kila gari inaporuka, pini zinalegea kidogo kidogo, pini ikilegea mguso unakuwa mdogo na pale pale pana ampia nyingi zinapita, joto linapanda, plastiki inageuka kahawia. Ndo hicho unachokiona. Spoti zako mbili ni wati 200, gawa kwa volti 12 unapata karibu ampia 17, huo sio umeme wa kupita kwenye pini iliyolegea.

Tafuta sehemu kwenye fenda ya ndani, juu, usawa wa kichwa cha betri au zaidi, mbali na ekzosi na isiwe juu ya betri kabisa kwa sababu mvuke wa tindikali unakula shaba. Usikimbilie kutoboa. Toyota wameacha bolti nyingi ndogo za spana namba 10 kwenye fenda, mbili kati ya hizo zinatosha kubeba kipande cha bati la milimita 2 ulichokikunja mwenyewe kama herufi L, kipige rangi, weka wosha ya kubana. Kama lazima utoboe, paka rangi ukingo wa tundu kabla hujafunga kitu, kutu inaanzia hapo hapo. Kwenye hilo bati panga rilei kwa mstari, zikiwa na soketi zake, na ukipata zile soketi zenye mifereji ubavuni zinazoingiliana moja kwa nyingine chukua hizo hata kama bei imezidi kidogo, zinakaa imara kama ukuta na siku ukiongeza rilei ya tatu unaichomeka tu.

Pini zitazame chini. Hili usikubali fundi yeyote akubishie, rilei ikilala chali maji yanakaa kwenye soketi, na wewe unavuka mito. Waya nao ushuke chini kidogo ya soketi ndo upande, ili maji yanayotiririka kwenye waya yadondokee pale kwenye kona badala ya kuingia ndani. Acha waya ziada kama upana wa kiganja nyuma ya kila soketi, usivute ukakaza, injini inatikisika na bodi inatikisika kila moja kivyake. Kisha zibane zote kwenye bati lenyewe kabla hazijaondoka kwenda kokote, ili mtikisiko uishie kwenye kibano na usifike kwenye pini.

Fyuzi iwe karibu na betri, sentimita 15 au 20 sio zaidi, maana fyuzi hailindi waya ulio kati yake na betri. Nimeona fyuzi zimewekwa huko kwenye taa, mita nzima ya waya wa moto inapita juu ya chuma bila ulinzi. Kila kundi la taa na fyuzi yake, spoti ampia 25, laiti baa kadri ya wati zake. Waya wa spoti tumia milimita 4 za mraba. Ukiweka ule mwembamba wa milimita 1 ya mraba kwa mita 4 unapoteza volti 1 na zaidi njiani, na balbu ya halojeni ikipungukiwa volti 1 inapoteza karibu robo ya mwanga, sa umenunua spoti za nini. Wa kwenye swichi unaweza kuwa mwembamba tu, koili ya rilei haili hata nusu ampia.

Rilei ya pini 4 inatosha. Wakikuuzia ya pini 5, ile ya katikati 87a iache tupu na ifunike, ina moto wakati rilei imezimwa. Na ukimaliza, andika kwenye kila soketi ni ya taa gani, chora ramani ndogo uibandike chini ya boneti. Huko machimboni ukikwama usiku fundi atakayekusaidia sio aliyefunga.

SWALI: Mimi gari yangu ni 70 ya zamani kutoka Japani, ya volti 24. Nimeambiwa nichukue 12 kwenye betri moja tu ili nitumie rilei za kawaida, ni sawa?
Msomaji, Singida

JIBU: Si sawa, tena ni njia ya haraka sana ya kuua betri. Betri mbili ziko kwenye mstari, alternata inazichaji kama kitu kimoja, ukiinyonya moja peke yake hiyo inabaki na njaa na mwenzake anachajiwa kupita kiasi, mwisho zinakufa zote. Nunua rilei za volti 24, zipo kwenye maduka ya spea za malori. Na ile ya 12 usiijaribu kwenye 24, koili inapata nguvu mara nne inaungua. Taa za LED soma kwenye kibati chake, nyingi zinaandikwa volti 10 mpaka 30, hizo zinakubali moja kwa moja. Faida uliyonayo ni kwamba wati zilezile kwenye 24 zinakula nusu ya ampia, kwa hiyo ukubwa wa fyuzi unashuka.

SWALI: Fundi wangu anachomelea kila kiungo kwa risasi anasema kubana na plaizi ni uvivu. Niko Tanga karibu na bahari.
Msomaji, Tanga

JIBU: Kubana kwa plaizi ya kawaida kweli ni kazi mbovu, ila kwa plaizi yake maalum ni imara kuliko risasi kwenye gari la rafu. Risasi inanyonywa na nyuzi za waya inaugeuza mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya unapokatikia kwa mtikisiko, tena ndani ya ngozi yake usione kitu. Kwa chumvi ya huko tafuta waya ambao nyuzi zake zimepakwa bati, zinang'aa nyeupe ukiumenya, haziingii ile kutu ya kijani upesi. Bana, vuta kwa nguvu uhakikishe hautoki, paka grisi ya umeme kidogo kwenye pini, funika na mpira ule wa kusinyaa kwa moto, wenye gundi ndani. Tepu peke yake kwa joto la Tanga inayeyuka gundi na kufunguka yenyewe.