Mfugaji Auliza: Kunguru Wanamdonoa Ndama Macho

SWALI: Daktari, mimi ni mfugaji mdogo huku Njoro, nina ng'ombe watatu wa maziwa. Mwezi uliopita mmoja alizaa malishoni alfajiri, na nilipofika nilikuta kunguru wenye kifua cheupe wamemzunguka ndama, jicho lake moja limekwisha kudonolewa. Mwewe nao walikuwa wakigombania kondo la nyuma. Jirani amenishauri nitie sumu kwenye kondo safari ijayo. Je, kuna njia nyingine? Na je, tai anaweza kumbeba ndama?

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo. Nianze na tai, kwa kuwa ndilo swali jepesi: tai mkubwa kuliko wote nchini hafiki kilo saba, ilhali ndama wa Friesian huzaliwa na kilo thelathini na tano au zaidi, kwa hiyo ondoa hofu ya ndama kubebwa. Anayekutia hasara ni kunguru, ambaye uzito wake ni kama nusu kilo tu, lakini anajua kwamba kiumbe aliyelala, aliyelowa na asiyeweza kuinua kichwa ana sehemu laini tatu: jicho, ulimi na kitovu.

Ndama mwenye afya husimama ndani ya saa moja au mbili, na akishasimama huku mama yake yu karibu, kunguru hukaa mbali. Kwa hiyo ulinzi wako uuelekeze kwenye saa hizo chache. Ng'ombe anapokaribia kuzaa kiwele hujaa, mishipa ya pande mbili za shina la mkia hulegea hata ukibonyeza unahisi ulaini, na ute mzito huning'inia nyuma. Ukiona dalili hizo usimwache malishoni usiku. Mlaze kwenye kibanda chenye paa na matandiko makavu, na matundu ya ukutani uyazibe kwa waya wa kuku. Ndama akitoka, mfute pua na mdomo, chovya kitovu kwenye iodini, kisha umnyonyeshe dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa sita za kwanza. Ndama aliyekosa dang'a hudhoofika, na mdhaifu ndiye anayelala chini mchana kutwa akiwangoja hao kunguru.

Kondo la nyuma ndilo linalowaita ndege, kwani mwewe huliona kutoka juu na kunguru humfuata mwewe. Kwa kawaida hutoka ndani ya saa kumi na mbili. Likishatoka, vaa glavu, lichukue mara moja na ulizike kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Glavu si madoido, kwa sababu ng'ombe mwenye brusela huacha vijidudu vingi kwenye kondo na majimaji yake, na ugonjwa huo humwingia binadamu pia. Likipita saa ishirini na nne halijatoka, usilivute. Mwite daktari wa mifugo.

Kuhusu sumu, ushauri wa jirani yako uukatae kabisa. Mbwa wako atakula kondo lile, mwewe atakula, na tumbusi atakayemla mbwa aliyekufa naye atakufa. Tumbusi mgongo-mweupe ametajwa tangu mwaka 2015 kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani, na sumu inayotegwa kwenye mizoga ni miongoni mwa sababu kuu barani Afrika. Tena Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege wa porini, kwa hiyo unaweza kujikuta kizimbani kwa sababu ya kunguru. Vinyago vya kutishia ndege na kanda zinazometameta zina faida ya siku chache, kisha kunguru huzizoea. Afadhali ufagie chakula cha ng'ombe kinachomwagika horini, maana ndicho kinachowafanya waweke makao kwenye miti ya boma lako.

Huyo aliyejeruhiwa mwoshe jicho kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi kidogo, mweke kivulini mbali na nzi, na daktari amtazame upesi. Ndama mwenye jicho moja hukua na kukamuliwa kama wengine.

SWALI: Ndege weupe wanaoandamana na ng'ombe wangu hapa Ahero, je, wanawanyonya damu?

JIBU: Hapana. Hao ni yangeyange, wanaokula panzi wanaorushwa na kwato. Waache.

SWALI: Huku Lambwe ndege waitwao shashi hutua kwenye vidonda vya maksai wangu na kuvidonoa. Wazee husema wanatusaidia kuondoa kupe. Niwafukuze?

JIBU: Wazee wana haki, ila si yote. Shashi hula kupe, lakini hupenda damu pia na huweza kuchokonoa kidonda kisipone. Katika utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa mwaka 2000, maksai waliokingwa na shashi hawakuwa na kupe wengi zaidi ya wenzao, bali walikuwa na vidonda vichache. Tibu kidonda mapema, ukipulizie dawa ya vidonda kila siku hadi kikauke, na rekebisha nira inayowachubua shingo. Kupe wazuie kwa josho la kawaida, kwani ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, haimngoji shashi ashibe. Dawa ya kupe yenye amitraz haiwadhuru ndege hao kama zile za zamani.