Stadi inazunguka, haikazi: maswali yenu kuhusu Volkswagen za zamani

Fundi, shikamoo. Baba aliniachia Volkswagen Beetle ya 1962. Nilipokuwa nakaza nati za silinda hedi (kifuniko cha silinda), moja ikawa inazunguka tu pamoja na stadi yake. Gereji wanasema nitafute bloku (kasha la injini) nyingine. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Usiitupe bloku hiyo! Mwaka huohuo wa 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za magari za East African Safari kwa Volkswagen 1200. Gari kama hilo haliendi kwa wauza vyuma chakavu kwa sababu ya tundu moja.

Maana kilichoharibika ni tundu; stadi yenyewe, ile bolti isiyo na kichwa iliyokaa kwenye bloku na kushika nati, huenda ni nzima. Stadi ni ya chuma, bloku ni ya aloi ya magnesi, madini mepesi na laini. Injini ikipata moto, magnesi hutanuka zaidi ya mara mbili ya chuma, kwa hiyo kila safari bloku inaivuta stadi, miaka nenda miaka rudi, mpaka nyuzi za tundu, ile mikato ya kuzunguka inayoishika stadi, zinachomoka. Itoe stadi uitazame. Mara nyingi utakuta kitu cha kijivu kimejiviringa juu yake kama waya mwembamba. Hizo ndizo nyuzi za bloku yako.

Tiba yake ni bushi, yaani kijibomba kifupi cha chuma chenye nyuzi nje na ndani. Fungua injini, toa silinda, umpelekee bloku fundi mkereza. Atapanua tundu kwa drili ya kusimama, atakata nyuzi mpya kwa tapu, kisha ataingiza bushi mpaka izame kidogo chini ya uso wa bloku. Ikichungulia nje, silinda haikai vizuri. Asitoboe kwa drili ya mkononi hata kama ana mkono mwepesi namna gani: stadi ikilala upande kidogo tu, hedi haiingii. Na kwa kuwa injini imeshafunguliwa, weka bushi matundu yote 16, kwa sababu yaliyobaki yana umri uleule. Kiwanda chenyewe kilikuja kuziweka bushi hizi kwenye injini za miaka ya 1970.

Wakati wa kufunga, tumia spana ya kupimia nguvu: takriban Nm (nyutoni-mita) 31 kwa stadi za milimita 10, Nm 25 kwa zile za milimita 8. Mkono haupimi.

Je, tundu lililokwisha naweza kulijaza kwa kuchomelea? (Msomaji, Nakuru)

La, tafadhali. Bloku ni ya magnesi, na machicha yake (vipande vyembamba vinavyotoka ukiikata) hushika moto; ukimwagia maji unauchochea. Hata unapotoboa tu, fagia machicha mara kwa mara na weka ndoo ya mchanga mkavu karibu.

Na gundi ya chuma? (Msomaji, Morogoro)

Kwenye stadi za hedi haifai. Itashika injini ikiwa baridi, halafu siku ya mlima itaachia.

Oili inavuja chini, kwenye kile kifuniko cha duara cha chujio. Kila nikikaza, inazidi. (Msomaji, Mombasa)

Acha kukaza, ndugu yangu. Stadi zile ni za milimita 6 na zinataka Nm 7 tu. Shika spana namba 10 karibu na kichwa chake, kwa vidole viwili, si kwa kiganja. Kama nyuzi zimekwisha, mwambie mkereza akuchongee stadi ya ngazi: milimita 8 upande wa bloku, 6 upande wa nati. Badilisha na gasketi zote mbili na zile washa za shaba.

Stadi ya ekzosi imekatikia ndani ya hedi. (Msomaji, Bujumbura)

Kama kimebaki kijisehemu nje, weka nati juu yake na uichomelee kupitia tundu la nati. Joto lile hulegeza kutu. Subiri ipoe kiasi, kisha izungushe taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo, huku ukidondoshea oili nyepesi. Ikikatikia ndani kabisa, piga alama katikati barabara kabla ya kutoboa. Drili ikikwepa italila hedi, kwa sababu alumini ni laini kuliko stadi.