Kwa dada anayeenda kusoma Leipzig: watu, chakula na koti

Dada ameuliza hapo juu, amepata chuo Leipzig, anaenda Oktoba na anataka kujua kama ni kweli Wajerumani ni watu baridi, atakula nini huko, na kama anunue koti hapa Nairobi ama akifika. Halafu mtu akamjibu ati ajiandae kuishi kama mfungwa. Hio ni kutishana tu bana. Mimi nilisomea huko huko, nimerudi niko Umoja sai, wacha nijibu vile najua.

Mambo ya pesa nitapita haraka juu najua ushasumbuka nayo, ile akaunti ya kufungwa ya viza, yenye unawekea pesa ya kuishi mwaka mzima, unaweka yuro 11,904 halafu wanakuachilia 992 kila mwezi. Ukiipata usianze kuibadilisha kwa kichwa iwe shilingi, utajiona tajiri alafu rumu na bima ya afya zikule yote. Na jamaa za nyumbani wasiijue hio hesabu, tafadhali.

Sasa watu. Kitu cha kwanza kitakuuma ni jikoni. Kwa nyumba ya kushea kila mtu ana shelfu yake kwa friji, maziwa yake, mayai yake, na mtu atakaa pale mezani akule tambi zake mpaka ziishe na wewe umesimama hapo hapo na hakuambii karibu. Huku kwetu hata fundi akikupata ukikula unamkaribisha, hata kama ugali ni kidogo na unaomba Mungu akatae! Basi ukiona hivyo unaanza kujiuliza kwani umewakosea nini. Haujawakosea. Alipika ya mtu mmoja, kwake hio imeisha.

Na watakuambia vitu usoni. Kuna dame tulikuwa tunakaa naye, asubuhi moja alinisimamisha kwa korido akaniambia sufuria yangu imelala kwa sinki na anataka niioshe kabla nitoke, hakuna samahani, hakuna kucheka kidogo ndio iingie vizuri, na ananiangalia machoni. Nikajua hapa tumekosana. Jioni hio hio akanigongea kuniuliza kama nitaenda nao kuogelea Cospudener See, ziwa la hapo karibu, na kwa sauti ile ile. Shida yake ilikuwa sufuria, ikaoshwa, imeisha. Huku mtu angenyamaza alafu uisikie kutoka kwa watu wengine mwezi ujao, na mimi ukweli siku hizi napenda ile yao.

Kitu chenye nataka uelewe zaidi ni hiki: huko urafiki unaingia kwa kalenda. Niliwaambia watu wa nyumba nataka kuwapikia chapo, mmoja akatoa simu, akaangalia, akasema atakuwa huru Jumamosi ya wiki ya tatu. Wiki ya tatu, kwa chapo! Lakini hio Jumamosi saa kumi kamili walikuwa jikoni wote, mwingine amebeba juisi, mwingine kikombe cha kupimia unga maana aliuliza ni gramu ngapi nikamwambia tunapima kwa mkono hakuamini. Kifimbo hatukuwa nacho tukasukuma na chupa ya divai. Hao ndio wakawa watu wangu mpaka nikamaliza. Kwa hivyo usikae kwa rumu ukingoja mtu apitie tu kukusalimia, hatapitia. Huku tunaambiana "tupatane wiki hii" na hakuna mwenye anapanga kutokea, huko ukisema hivyo mtu anakuuliza siku gani, saa ngapi, na anakuja. Wewe taja siku. Pia ingia kwaya, timu ya voliboli, chochote chenye kinakutana kila wiki.

Ah, na bathdei yako wewe ndio unabeba keki, na usimtakie mtu kabla ya siku yenyewe, wanaona ni mkosi. Kumwagia mtu maji pia usijaribu, hio wachia Nairobi.

Jumapili maduka yamefungwa, kama hauna chakula ujaribu ya kwa stesheni kubwa. Kuanzia saa nne usiku kelele iishe. Chupa za plastiki za soda na maji usitupe, nyingi ni senti 25 ukirudisha kwa mashine ya supamaketi.

Yenye inashangaza mtu wa M-Pesa ni karatasi. Mkate unaweza kuambiwa ulipe keshi, na mambo mengi ya maana yanakuja kwa barua, kwa hivyo siku ya kwanza andika jina lako kwa sanduku la barua. Ndani ya siku 14 baada ya kuhamia nyumba ujiandikishe makazi, uende na karatasi ya landlodi. Baadaye itakuja barua ya kulipia redio na TV, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba hata kama TV hauna. Si wakora, lipeni, mkiwa wengi mnagawana.

Maksi zao zimegeuzwa, 1.0 ndio juu kabisa na 5.0 umeanguka. Nilimwambia mama nimepata 1.3 akanyamaza kwanza, alafu akaniuliza kama wanaruhusu kurudia.

Chakula: unga wa ugali uko kwa maduka ya Waafrika, ni ghali kidogo. Beba majani chai ya kutosha. Nyama na mursik usibebe, vitu vya nyama na maziwa kutoka huku haviruhusiwi, watachukua hapo eapoti.

Giza ndio mbaya kuliko baridi. Disemba saa kumi jioni jua limeshazama, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, wewe na Nairobi mnaachana masaa mawili badala ya moja, kwa hivyo mama umpigie mapema kabla alale.

Koti nenda Gikomba uchague mitumba asubuhi mapema, yako mazito ya huko huko Ulaya na bei ni ya kuongea. Viatu nunua ukifika, soli za huku zinateleza kwa barafu.