Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Bado Nachunguza Ishara za Seli

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Nairobi. Baba yako hajambo na anakusalimu. Swali lako sikutaka kulijibu kwa simu. Umeniuliza kwa nini nashinda maabara nikifuatilia jinsi seli zinavyopelekeana ishara, ilhali huko zahanatini kwenu Mukuru mgonjwa wa kipindupindu huokolewa na pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kila moja ikikorogwa katika lita moja ya maji.

Bakteria wa kipindupindu hawatoboi utumbo. Kinachodhuru ni sumu yao, jambo ambalo mtafiti Sambhu Nath De alilithibitisha mjini Calcutta mwaka 1959: alitia kwenye utumbo wa sungura majimaji yaliyochujwa yasibaki na bakteria hata mmoja, na bado utumbo ukafurika. Sumu hiyo hujishikiza kwenye utando wa seli, kisha sehemu yake moja hupenya ndani na kuikamata protini ya G, ambayo kazi yake ni kupokea agizo kutoka nje, kulipitisha na kujizima. Ikishakamatwa haizimiki tena, kama kengele ya mlango iliyokwama. Seli huzidi kutengeneza saiklik AMP, kemikali inayobeba ishara ndani ya seli, mifereji inayotoa kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, hubaki wazi, na maji huifuata chumvi. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Sasa itazame pakiti yako. Chumvi peke yake haifui dafu, kwa kuwa njia yake ya kawaida ya kuingia mwilini imezuiwa na ishara hiyo hiyo. Ipo njia nyingine, inayoingiza sodiamu pamoja na glukosi, ambayo Robert Crane aliieleza mwaka 1960, nayo sumu haiigusi. Sukari basi haikuwekwa kwa ajili ya utamu wala nguvu, na yeyote anayeiondoa anamnyima mgonjwa maji yenyewe. Mwaka 1971 huko Bangaon, India, katika kambi iliyojaa watu waliokimbia vita vya Bangladesh, dripu zilikuwa zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa mchanganyiko huo, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Hata hivyo, wewe umekaa kando ya kile kitanda chenye tundu, ukapima ndoo iliyo chini yake, na umejionea kwamba ORS hurudisha maji lakini ndoo inaendelea kujaa. Pakiti haizimi ishara. Mtoto anayetapika kila kijiko bado anahitaji dripu, na dripu haziko kila mahali.

Huo ndio upungufu ninaoushughulikia. Seli za utumbo tunazootesha huunda vijifuko vidogo. Tukizitia sumu, vijifuko hivyo huvimba kwa maji mbele ya darubini katika muda wa saa chache, nasi hujaribu kemikali moja baada ya nyingine tukitafuta itakayoziba mfereji wa kloridi bila kuidhuru seli. Zaidi ya hayo, watu wenye damu ya kundi O hupatwa na kipindupindu kikali kuliko wengine, na seli zao zikikutana na sumu hiyo hutoa ishara yenye nguvu zaidi. Nataka kujua tofauti hiyo inaanzia hatua ipi, tangu sumu inapogusa utando hadi mfereji unapofunguka, kwa sababu huenda ikatuonyesha mahali ambapo dawa inaweza kuingilia kati.

Wako akupendaye,
Mama