Kuhudumu kambini bila imani kukauka

Dada wa Malindi, umeuliza kama uhubiri kwenye foleni ya msaada huko Bidibidi, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na ufanyeje imani isikauke kwa miezi mitatu ya mafunzo.

Kwenye foleni usihubiri kabisa. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu za mwaka 1994, ambazo mashirika mengi ya Kikristo yametia saini, zinakataza kutumia msaada kuendeleza msimamo wa dini. Mama mwenye njaa ataitikia "Amina" kwa ajili ya unga, na hapo utakuwa umemnunua. Umekulia na majirani Waislamu. Heshima ile ile nenda nayo.

Ushuhuda wako uwe kazi safi. Ukipangiwa kazi ya maji, lengo ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Klorini, dawa ya kuua vijidudu, ile iliyobaki majini ipime bombani, nusu saa baada ya kutiwa: miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Maji yenye tope huimaliza klorini kabla haijaua vijidudu, kidonge cha kupimia hakigeuzi maji kuwa ya waridi (rangi inayoonyesha klorini ipo), na watoto wataharisha. Yaache yatuame kwanza.

Kinachokausha imani hasa ni uchovu. Soma zaburi moja alfajiri kabla gari halijaondoka, maana jioni utasinzia. Siku ya mapumziko kila wiki iandikwe kwenye mkataba. Jumapili sali na wakimbizi wenyewe, keti mkekani, usikilize.

Chanjo ya homa ya manjano uchanjwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi yake usiitie kwenye begi kubwa.