Laki nane za kikundi: pigeni simu kabla ya kwenda dukani

Dada yangu, unasema kikundi chenu cha Uyole kimechanga laki nane za kusaidia yatima na mnauliza mzitumieje, maana mwaka jana sabuni mlizopeleka kituo cha watoto mlizikuta zinauzwa duka la jirani. Msiwakasirikie haraka. Sisi huku Iringa tuliwahi kubeba mashuka hadi kituo kimoja. Mlezi akashukuru, akatufungulia stoo: mashuka yamejaa mpaka darini, kuni zimeisha, mpishi hajalipwa miezi miwili. Nani anachangia mshahara wa mpishi? Haupigiki picha ule.

Kwa hiyo kipigieni simu kituo, waulizeni kwanza wamepungukiwa nini. Wakiwa ni shirika lisilo la kiserikali, ombeni cheti na ripoti ya mwaka. Sheria ya mashirika hayo ya mwaka 2002 inawadai ripoti hiyo, kwa hiyo kuuliza si kukosa adabu. Anayezungukazunguka, achaneni naye.

Ila mimi ningegawa hela hiyo. Watoto wengi waliofiwa na wazazi huku kwetu wanalelewa na bibi zao, hawapo kituoni. Ada shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi cha sita mwaka 2022, lakini sweta, viatu na madaftari bado ni mzigo wa bibi, na baridi ya Juni ya Mbeya unaijua. Muoneni afisa ustawi wa jamii, awaelekeze kaya tatu nne. Wengine mngewapa taslimu tu. Bibi anajua deni lake liko wapi.