Muulize Fundi: Tenki la plastiki limepasuka, tulizibe uani?

*Shikamoo Fundi. Nakaa Mabatini, juu kabisa kwenye mawe. Juzi usiku nilipandisha gari juu ya jiwe, asubuhi nikakuta petroli inadondoka. Tenki ni la plastiki na lina ufa wa urefu wa kidole upande wa chini. Dukani wamenitajia bei ya tenki, nikaondoka bila kuaga. Jirani yangu anaziba ndoo na beseni kwa kisu cha moto. Anasema tenki nalo ni plastiki tu, tumwage mafuta, tulizibe hapa hapa uani. Wengine wananiambia gundi ya mirija miwili inatosha. Nifanyeje?*
*Msomaji, Mabatini, Mwanza*

Marahaba, kijana wangu. Jirani yako amesema nusu ya kweli, na hiyo nusu aliyoiacha ndiyo itakayowaunguza.

Kweli yake ni hii: matenki mengi ya plastiki ni ya polietilini nzito, jamii moja na madumu ya njano ya mafuta ya kula. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi, na ufa wake huzibwa kwa joto. Gundi ya mirija miwili hushika chuma na mbao, ila polietilini haiikubali. Itakauka vizuri, utaipiga picha umtumie shemeji yako, halafu petroli na matuta ya barabarani vitaibandua.

Sasa ile nusu nyingine. Mnasema mtamwaga mafuta kwanza. Hapo ndipo hatari inapoanza. Kinachowaka si petroli ya maji bali mvuke wake uliochanganyika na hewa, na huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya mchanganyiko huo. Tenki likiwa limejaa, mvuke ulio juu ya mafuta ni mwingi mno na hewa ni haba. Ukilimwaga, hewa inaingia, na matone yaliyobaki kwenye kona yanatosha kufikisha kipimo. Wala usingoje jua la mchana: petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena plastiki huinywa petroli. Utaosha leo, utanusa usisikie kitu, kesho ukuta wa tenki ukipata joto utautema mvuke uliokuwa umejificha. Na kisu cha jirani kiko palepale, chekundu.

Kinachonitia hofu zaidi ni hiyo anwani yako. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi, unatambaa. Kwenye miteremko yetu unashuka kama maji, unapita kati ya mawe hadi uani kwa jirani wa chini, ambaye saa hizo ana jiko la mkaa na hana habari na mnachokifanya huko juu. Ukishika moto kwake, moto huo hurudi ulikotoka mvuke, yaani kwenu. Kwa hiyo hata kumwaga mafuta usikufanyie hapo.

Kwanza zima huo mchirizi. Chukua kipande cha sabuni ya kufulia, kisugue kwenye ufa kwa nguvu mpaka kijae. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, ndiyo maana madereva wa zamani hawakuikosa garini. Lakini mvua huiondoa, na kazi yake ni kukufikisha gereji, si kukupeleka Magu na kurudi.

Mafuta yatolewe mahali tambarare penye upepo, si ndani ya banda wala juu ya shimo la gereji, kwa sababu mvuke hutuama shimoni. Waya wa hasi wa betri uchomolewe kabla ya chochote. Tumia pampu ya mkono. Mpira wa kunyonya kwa mdomo achana nao. Petroli ikiingia mapafuni utalala wodini. Dumu liwekwe ardhini. Taa ya balbu ya kuvuta kwa waya isisogezwe karibu, maana ikidondoka na kupasuka, cheche hiyo inatosha. Weka karibu kizima moto cha poda na ndoo ya mchanga. Namba ya Zimamoto ni 114.

Mafundi wa kulehemu plastiki wapo, ila wengi ni wa bampa. Kabla hujamwachia tenki, muulize anatumia vijiti gani. Bampa nyingi ni za polipropilini, na polipropilini haishikani na polietilini hata ukiyeyusha vyote viwili. Mshono utapendeza, kisha utachomoka. Tafuta alama kwenye tenki: ikiwa PE au PE-HD, yaani polietilini, kijiti kiwe cha aina hiyohiyo.

Anayejua kazi atatoa pampu na boya la kupimia mafuta, ataosha kwa maji moto na sabuni tena na tena, ataliacha wazi lipigwe na upepo kwa siku kadhaa. Wakati wa kulehemu ataligeuza ufa uwe juu na kulijaza maji hadi karibu na ufa, mvuke ukose pa kukaa. Karakana zenye vifaa hujaza gesi isiyowasha moto, naitrojeni au kaboni dioksidi. Ukimkuta ameingiza bomba la ekzosi ndani ya tenki, akidai moshi unafukuza hewa, beba tenki lako uondoke. Moshi huo hauna kipimo, na ni sumu. Maji ya kuoshea nayo yasimwagwe mtaroni. Mitaro yetu huishia Mirongo, na Mirongo huishia ziwani.

Ufa mfupi ungekuwa juu, ningekuambia lehemu. Huu wako uko chini, umetokana na kipigo cha jiwe, na nyufa nyembamba usizoziona huenda zimeshatambaa pembeni yake. Isitoshe, matenki ya kisasa yana tabaka la ndani la kuzuia mvuke, na mshono wa nje haulirudishi. Mimi ningetafuta tenki la mtumba. Liinue juani, angalia ndani kama mwanga unaonyesha mistari, kagua mahali linapofungiwa, ndipo uanze kubishana bei. Kisha mwambie mchomeleaji akutengenezee bamba la chuma la kulikinga kwa chini, alichomelee pembeni kabisa, mbali na tenki. Jiwe lenyewe bado lipo palepale.

*Fundi, tenki la plastiki la injini ya mtumbwi wangu, lile la kubeba mkononi, linavuja kwenye mshono. Nalo nisilehemu?*
*Mvuvi, Ukerewe*

Usilehemu. Mtumbwini mvuke hutuama chini ya mbao za kukanyagia, upepo wa ziwa haufiki huko, na mkishika moto katikati ya maji hamna pa kukimbilia. Nunua jipya. Na kila unapojaza, lishushe kwanza ufukweni ulijazie ardhini.